Death (bendi)

Death ilikuwa bendi ya muziki wa death metal kutoka jimbo la Florida, nchini Marekani. Ilianzishwa mwaka 1983 katika mji wa Altamonte Springs, karibu na Orlando, kwa jina la Mantas. Mwaka uliofuata ikachukua jina la Death. Kiongozi wake tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa Chuck Schuldiner (13 Mei 1967 – 13 Desemba 2001), mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi mkuu wa nyimbo za bendi.

Kati ya mwaka 1987 na 1998 bendi ilitoa albamu saba za studio. Hakuna albamu mbili kati ya hizo zilizopigwa na kikosi kilekile, na Schuldiner ndiye mtu pekee anayesikika katika zote saba. Kwa hiyo historia ya Death ni pia historia ya mtu mmoja aliyekuwa akitafuta wenzake wa kupiga naye, akiwapata, akigombana nao au kuachana nao kwa amani, kisha kuanza upya. Muziki nao haukutulia. Albamu ya kwanza inahusu maiti zinazofufuka na damu inayomwagika. Ya mwisho inahusu watu wanaofurahia huzuni ya wenzao, na imejaa vipande vya gitaa ambavyo mpigaji asiye na mazoezi hawezi kuvigusa.

Usuli

Death metal ni tawi la muziki wa metali lililojitokeza Marekani katikati ya miaka ya 1980. Lilichipuka kutoka thrash metal, muziki wa kasi wa bendi kama Slayer, lakini likaenda mbali zaidi. Magitaa hulegezwa nyuzi ili yatoe sauti nzito, drams hupigwa kwa kasi kubwa huku miguu yote miwili ikifanya kazi kwenye ngoma ya chini, na mwimbaji hanyanyui sauti ya wimbo bali hunguruma kutoka kooni. Msikilizaji anayekutana nao mara ya kwanza huona kila kitu ni kelele moja. Akizoea, huanza kutofautisha mipigo, na hapo ndipo hugundua kwamba nyimbo nyingi zimepangwa kwa uangalifu kuliko nyimbo za kawaida za roki.

Nani aliuanzisha ni jambo linalobishaniwa. Bendi ya Possessed kutoka California ilitoa kanda yenye jina Death Metal mwaka 1984, na albamu yao Seven Churches ilitoka mwaka 1985, miaka miwili kabla ya albamu ya kwanza ya Death. Lakini mwaka huohuo wa 1984 vijana wa Mantas nao walikuwa wakisambaza kanda yao waliyoiita Death by Metal. Schuldiner aliitwa mara nyingi "baba wa death metal", na mwenyewe hakulipenda jina hilo. Alisema yeye ni mwanamuziki mmoja tu wa bendi moja.

Historia

Mantas na miaka ya kanda (1983–1986)

Schuldiner alizaliwa Glen Cove, katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, na familia yake ilihamia Florida akiwa bado mtoto mchanga. Alikuwa mdogo kuliko wote kati ya watoto watatu. Alipokuwa na miaka tisa, kaka yake mwenye umri wa miaka 16 alifariki katika ajali ya gari. Wazazi walimnunulia Chuck gitaa wakitumaini litamsaidia kuibeba huzuni ile. Masomo ya gitaa la kawaida hayakumpendeza na aliyaacha mapema, lakini alipopata gitaa la umeme hakulitoa mkononi tena. Bendi alizozipenda utotoni zilikuwa Kiss na Iron Maiden, na baadaye Judas Priest.

Mantas iliundwa na watu watatu: Schuldiner na Rick Rozz kwenye magitaa, na Kam Lee kwenye drams na uimbaji. Jina lilitokana na mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza iitwayo Venom. Hawakuwa na mpiga besi, na mji wao haukuwa na watu wengi waliotaka kusikia muziki wa aina hiyo. Njia yao ilikuwa kaseti. Walirekodi kwa vifaa duni, wakanakili kanda na kuzituma kwa posta kwa mashabiki wa nchi mbalimbali, ambao nao walizinakili na kuwatumia wengine. Kwa njia hiyo kanda za Death by Metal na Reign of Terror (1984) na Infernal Death (1985) ziliwafikia watu wa Ulaya kabla bendi haijawa na mkataba wowote.

Mwaka 1985 Rozz na kisha Lee waliondoka. Wengine wawili, Scott Carlson na Matt Olivo, walikuja kutoka Michigan, lakini walishindwa kupata mpiga drams na wakarudi kwao, ambako bendi yao ikaja kujulikana kama Repulsion. Schuldiner akahamia San Francisco, akajaribu kuunda kikosi kipya, akashindwa, akarudi Florida. Mwanzoni mwa 1986 alikwenda Toronto, Kanada, kujiunga na bendi ya Slaughter, akakaa muda mfupi tu na kurejea tena nyumbani. Alikuwa hajafikisha miaka 19, hakumaliza shule, jambo ambalo baadaye alilijutia, na alichokuwa nacho ni jina na kanda chache.

Aliporudi California kwa mara ya pili alikutana na Chris Reifert, mpiga drams mwenye miaka 17. Wawili hao walirekodi kanda ya Mutilation mwezi Aprili 1986, na hiyo ndiyo iliyowapatia mkataba na kampuni ya Combat.

Scream Bloody Gore (1987)

Albamu ya kwanza ilirekodiwa mara mbili. Safari ya kwanza ilifanyika Florida, na kampuni haikuridhika na ubora wa sauti. Ikarudiwa Hollywood chini ya mtayarishaji Randy Burns, na ikatoka Mei 1987, mwezi ambao Schuldiner alitimiza miaka 20. Alipiga magitaa yote na besi, akaimba pia. Reifert alipiga drams. Mtu wa tatu, John Hand, alitajwa kwenye jalada kama mpiga gitaa ingawa hakupiga hata noti moja.

Mashairi yalitoka kwenye filamu za kutisha walizokuwa wakizitazama vijana wa wakati ule, kama The Evil Dead na Re-Animator. Jalada, lililochorwa na Ed Repka, linaonyesha mifupa iliyovaa majoho ikinywa kwenye vikombe. Hakuna anayeweza kusema albamu hii ina kina. Hata hivyo ina kitu ambacho kanda za kabla yake hazikuwa nacho: kila wimbo una mwanzo, katikati na kiitikio kinachokaa kichwani. Schuldiner alijua kutunga wimbo kabla hajajua kupiga gitaa kwa ustadi, na sifa hiyo ilimfaa hata nyimbo zake zilipokuwa ngumu sana.

Leprosy (1988) na Spiritual Healing (1990)

Schuldiner aliporudi Florida, Reifert alibaki California na kuanzisha bendi ya Autopsy. Nafasi zilijazwa na watu wa bendi ya Massacre: Rick Rozz aliyerejea, Terry Butler na Bill Andrews. Walirekodi Leprosy katika studio ya Morrisound mjini Tampa, wakiwa na mtayarishaji Dan Johnson na fundi mitambo Scott Burns. Chaguo hilo la studio lilikuwa na matokeo makubwa. Ndani ya miaka michache Morrisound ikawa mahali ambapo bendi nyingi za mtindo huu zilitaka kurekodi, zikiwemo Obituary, Morbid Angel, Deicide na Cannibal Corpse, na Tampa ikajulikana kama mji mkuu wa death metal. Mji wa joto, fukwe na wastaafu haukutarajiwa kupata sifa hiyo.

Katika Leprosy vifo bado ni vingi, lakini si vya kwenye filamu tena. Wimbo wa kichwa unahusu mtu anayeoza na kutengwa na jamii. Pull the Plug unamhusu mgonjwa mahututi anayewekwa hai na mashine, akitamani izimwe. Wimbo huo ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizoombwa zaidi katika maonyesho ya bendi kwa miaka yote iliyobaki, na baada ya yaliyompata mwenyewe miaka 13 baadaye, wengi hushindwa kuusikiliza kama walivyousikiliza zamani.

Rozz aliondolewa mwaka 1989, akaja James Murphy, mpiga solo mwenye mkono laini zaidi. Spiritual Healing iliacha kabisa mizimu na kutazama Marekani ya siku zile: wahubiri wa televisheni wanaochuma pesa kwa waumini, watoto wanaozaliwa na mama walioathiriwa na dawa za kulevya, mabishano juu ya utoaji mimba. Mwendo wa muziki ukapungua kasi na vipande vikawa virefu. Ni albamu ya mpito, na inasikika hivyo: mawazo ya gitaa yametangulia mbele, drams zimebaki nyuma.

Mgogoro wa 1990

Baadaye mwaka huo bendi ilipangiwa ziara ya Ulaya. Schuldiner aliona maandalizi ni mabovu, akakataa kwenda siku chache kabla ya safari. Andrews na Butler waliamua kwenda bila yeye. Walichukua watu wawili waliokuwa wakiisaidia bendi katika safari, mmoja akaimba na mwingine akapiga gitaa, wakapanda jukwaani kwa jina la Death. Mashabiki waliolipa kiingilio wakaona bendi isiyo na mwimbaji wala mtunzi wake.

Kila upande ulikuwa na hoja. Wawili wale walikuwa na mikataba ya kutimiza na deni la ahadi kwa mashabiki. Schuldiner aliona jina alilolihangaikia tangu utotoni limeibwa. Suala lilifikia kwa wanasheria, wote wawili wakaondoka, na jina likabaki kwake. Walijiunga na wenzao wa zamani wa Massacre, na albamu ya bendi hiyo From Beyond (1991) ilipotoka, wanamuziki wake wote wanne walikuwa watu waliowahi kupitia Death.

Kwa upande wa Schuldiner, kisa hiki kilimpa sifa ya mtu mgumu, sifa iliyomfuata kwenye magazeti ya muziki kwa miaka. Pia kilimpa uamuzi. Kuanzia hapo hakutaka tena bendi ya kudumu. Angewaalika wanamuziki kwa kila albamu, na angewatafuta walio bora kumzidi.

Human (1991)

Waliokuja walikuwa Paul Masvidal na Sean Reinert wa bendi ya Cynic kutoka Miami, na mpiga besi Steve Di Giorgio wa bendi ya Sadus. Masvidal na Reinert walikuwa vijana wa takriban miaka 20 waliosikiliza jazi kama walivyosikiliza metali. Reinert hasa ndiye aliyebadilisha kila kitu. Wapiga drams wa death metal walikuwa wakisukuma muziki mbele kwa nguvu. Yeye aliupamba, akipiga matoazi katikati ya mapigo, akibadili hesabu ya wimbo bila kuupoteza mwendo. Wapiga drams wengi waliofuata katika mtindo huu wametaja albamu hii kama shule yao.

Nyimbo ni fupi, na albamu nzima haifiki dakika 35. Mashairi yamegeuka ndani: usaliti, watu wanaojifanya marafiki, kutoeleweka. Si vigumu kuona yalikotoka baada ya mwaka ule. Kuna pia Cosmic Sea, kipande cha ala tupu kisicho na neno lolote. Video ya wimbo wa Lack of Comprehension ilionyeshwa na kituo cha MTV, na kwa mara ya kwanza Death ilionekana sebuleni mwa watu ambao hawakuwa wamewahi kuandika barua kuomba kaseti.

Kasoro inayotajwa mara nyingi ni kwamba besi ya Di Giorgio imezama kiasi cha kutosikika. Albamu ilipochanganywa upya na kutolewa tena na kampuni ya Relapse mwaka 2011, besi hiyo ilijitokeza, na mashabiki wa miaka ishirini waligundua vipande ambavyo hawakujua vipo.

Individual Thought Patterns (1993)

Masvidal na Reinert walirudi Cynic kumaliza albamu yao Focus. Di Giorgio alibaki, sasa akitumia besi isiyo na vizuizi kwenye shingo, ambayo noti zake huteleza kama sauti ya mtu. Drams zilichukuliwa na Gene Hoglan wa Dark Angel, na gitaa la pili na Andy LaRocque kutoka Uswidi, anayejulikana kwa kazi yake na King Diamond. LaRocque hakufuatana na bendi kwenye ziara. Ralph Santolla ndiye aliyeshika nafasi yake na anaonekana katika video ya The Philosopher.

Hapa kila mtu anapiga sana, na kwa baadhi ya wasikilizaji ni kupita kiasi. Besi haifuati gitaa bali hubishana nalo. The Philosopher huanza kwa kipande kinachopigwa kwa kugonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, na video yake ilidhihakiwa katika katuni ya Beavis and Butt-head. Kejeli hiyo ilifanya wimbo ujulikane kwa vijana wengi zaidi kuliko tangazo lolote ambalo kampuni ingeweza kulilipia.

Symbolic (1995)

Albamu ya sita ilitolewa na kampuni ya Roadrunner mwezi Machi 1995. Hoglan aliendelea kwenye drams, na pamoja naye walikuja wanamuziki wawili wa Florida wasiojulikana sana, Bobby Koelble kwenye gitaa na Kelly Conlon kwenye besi. Mtayarishaji alikuwa Jim Morris, mmoja wa ndugu wenye studio ya Morrisound.

Wengi huichukulia Symbolic kuwa kilele cha bendi, na sababu ni rahisi kuieleza. Ugumu wa albamu mbili zilizotangulia haukuondoka, ila umefichwa. Kila kipande kina tuni ambayo mtu anaweza kuivumisha kwa mdomo. Crystal Mountain unamaliziwa kwa gitaa kavu, na Perennial Quest, wimbo wa mwisho, unaishia kwa dakika kadhaa za utulivu ambazo hazingewezekana katika bendi ya Leprosy. Mashairi yanazungumzia kupotea kwa utoto, na katika 1,000 Eyes, watu kuchunguzwa na kamera popote waendapo.

The Sound of Perseverance (1998)

Baada ya ziara ya Symbolic, Schuldiner aliivunja Death. Alichoka kunguruma na alitaka mwimbaji mwenye sauti ya juu ya heavy metal ya zamani, kwa hiyo akaunda bendi nyingine, Control Denied. Kampuni ya Nuclear Blast ilipompa mkataba, alikubali kutoa kwanza albamu moja zaidi kwa jina la zamani. Kikosi kilikuwa Shannon Hamm kwenye gitaa, Scott Clendenin kwenye besi na Richard Christy kwenye drams.

Matokeo yake ni albamu ndefu kuliko zote za bendi na yenye mgawanyiko mkubwa wa maoni. Nyimbo hubadili mwelekeo mara nyingi, na Flesh and the Power It Holds unapita dakika nane. Voice of the Soul ni ala tupu, magitaa yakilia bila drams. Albamu hufungwa na wimbo wa Judas Priest, Painkiller, ambamo Schuldiner anajaribu sauti za juu kabisa alizowahi kuimba. Wapo wanaoona mwendo wake umekatwakatwa mno. Wapo wanaoiweka juu ya Symbolic. Mabishano hayo hayajaisha kati ya mashabiki.

Mwaka uliofuata Control Denied ilitoa albamu yake ya kwanza, The Fragile Art of Existence, Tim Aymar akiwa mwimbaji. Ya pili ilianzwa na haikukamilika.

Ugonjwa na kifo cha Schuldiner

Mapema mwaka 1999 Schuldiner alianza kusikia maumivu shingoni na alidhani ni mshipa uliobanwa. Vipimo vilionyesha uvimbe wa saratani kwenye shina la ubongo. Aliambiwa siku aliyotimiza miaka 32. Alianza matibabu ya mionzi mara moja, na Oktoba mwaka huo familia ilitangaza kwamba uvimbe umekufa na hali yake inatia moyo. Mwezi Januari 2000 alifanyiwa upasuaji mjini New York kuondoa mabaki yake, na ukafanikiwa. Alirudi kwenye muziki.

Mwezi Mei 2001 saratani ilirudi, na safari hii kikwazo cha kwanza kilikuwa pesa. Baada ya upasuaji wa kwanza alikuwa amekata bima ya afya, lakini kampuni ya bima ilikataa kulipa kwa hoja kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla ya bima. Upasuaji aliouhitaji ukacheleweshwa. Familia ilitoa tangazo la kuomba msaada, na ikawasihi wote watakaolisoma wahakikishe wana bima kabla hawajaugua. Mashabiki walichanga kutoka nchi mbalimbali. Wanamuziki waliokuwa mbali kabisa na death metal, wakiwemo Kid Rock, Korn na Red Hot Chili Peppers, walitoa vitu vyao vipigwe mnada, jambo lililotangazwa na MTV. Nuclear Blast nayo ilitoa rekodi mbili za maonyesho ya mwaka 1998, moja ya Los Angeles na nyingine ya Eindhoven, Uholanzi, kuchangia gharama.

Dawa kali alizopewa zilimdhoofisha sana, na mwishoni mwa mwaka alipata nimonia. Alifariki tarehe 13 Desemba 2001 akiwa na miaka 34. Death haikuendelea bila yeye.

Mtindo

Sauti ya Schuldiner ilipanda kadiri miaka ilivyokwenda. Katika albamu mbili za kwanza ananguruma chini. Kuanzia Human maneno yanasikika wazi zaidi, na katika albamu ya mwisho ni kama mtu anayepiga mayowe akiwa juu ya mlima. Hali ya gitaa ilikuwa kinyume: urekebishaji wa nyuzi haukubadilika sana, toni nzima chini ya kawaida, wakati bendi nyingine za mtindo huo ziliendelea kushuka. Schuldiner aliona kwamba nyuzi zikilegea mno tuni hupotea, na tuni ndiyo aliyoitaka.

Hata nembo ya bendi, aliyoibuni mwenyewe akiwa kijana, inaonyesha safari hiyo. Mwanzoni ilikuwa na damu inayochuruzika, utando wa buibui na sura ya kifo yenye kofia, na herufi T ilikuwa msalaba uliogeuzwa juu chini. Mapambo yalipunguzwa polepole. Msalaba nao ukageuzwa kuwa herufi ya kawaida, kwa sababu Schuldiner hakutaka bendi ihusishwe na ushetani, ambao hakuwahi kuuimba. Jina lenyewe hakulibadilisha, ingawa kuanzia mwaka 1991 nyimbo zake nyingi zilikuwa juu ya kuishi.

Baada ya Death

Wengi waliopitia bendi hii walipata nafasi kubwa kwingine. Butler alijiunga na Obituary, Murphy alipiga na Obituary na Testament, Hoglan na Strapping Young Lad na Testament. Christy alihamia pia kwenye redio, katika kipindi cha Howard Stern.

Tangu mwaka 2012 wanamuziki wa vipindi mbalimbali wamekutana kwa jina la Death to All kupiga nyimbo za bendi jukwaani, Max Phelps akiimba. Ziara ya kwanza ilifanywa kuchangia mfuko wa Sweet Relief, unaowasaidia wanamuziki wagonjwa wasio na uwezo wa kulipia matibabu. Miongoni mwa walioshiriki walikuwa Scott Clendenin, aliyefariki mwaka 2015, na Sean Reinert, aliyefariki mwaka 2020.

Albamu za studio

Scream Bloody Gore (1987)
Leprosy (1988)
Spiritual Healing (1990)
Human (1991)
Individual Thought Patterns (1993)
Symbolic (1995)
The Sound of Perseverance (1998)